Fundi wa Kebirigo na Saa Iliyogoma Kuhesabu

Saa mbili na robo asubuhi, ukungu bado umelalia majani chai nyuma ya soko la Kebirigo. Joash Nyangate ameinama chini ya boneti ya Peugeot 404 nyeupe. Ncha ya bisibisi yake ndefu imegusa injini inayounguruma. Mpini ameubana kwa meno. Amefumba macho.

Wapita njia hudhani ni mzaha wa fundi mzee. Si mzaha. Hivyo ndivyo Joash anavyosikiliza magari tangu masikio yake yaanze kumtupa mkono.

"La kushoto lilikufa kwanza," anasema, akipangusa mpini kwa kitambaa. "Hili la kulia linaniaga polepole, kama mgeni asiyetaka kuondoka kabla chai haijaiva."

Ana miaka hamsini na miwili, na hii ni Ijumaa ya pili ya Julai, 1977. Kazi iliyo mbele yake leo ni ndogo kwa macho. Juu ya dashibodi ya gari hilo imefungwa saa nyeusi ya mviringo, yenye sindano nyekundu na tarakimu kutoka sifuri hadi nane, kila moja ikiwa elfu. Ni takometa, saa inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Gari halikuja nayo kutoka kiwandani. Joash ameifunga mwenyewe, na kwa siku kumi sasa imegoma kuhesabu.

Mwenye gari, Ahmednoor Osman, mfanyabiashara wa ngozi mjini Kisii, amempa mpaka saa tano. Baada ya hapo ni lazima aondoke ili awahi swala ya Ijumaa. Kama saa itakuwa bado inasema uongo, itang'olewa na gari litapelekwa kwa mafundi wa Kisumu.

Kwa Joash, kitakachong'olewa si saa peke yake. Fundi asiyesikia injini anaweza kuendelea na kazi kama ana kitu cha kutazama badala ya kuisikiliza. Akishindwa leo, hana njia nyingine anayoijua.

Masikio hayo yalikuwa na jina. Wenye magari wa kuanzia hapa hadi Nyansiongo wanakumbuka jinsi Joash alivyokuwa akisimama mlangoni mwa gereji yake, akisikia lori la majani chai likipanda mlima, na kusema kabla halijatokeza, "Silinda ya tatu haichomi." Lori likifika, dereva akifungua boneti, ni silinda ya tatu.

Aliyapoteza mahali pale pale alipoupata ufundi wake. Akiwa kijana aliajiriwa katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Nyansiongo, kuendesha injini ya kinu cha mahindi. Injini ilikaa ndani ya chumba cha mabati. Alikaa nayo humo miaka kumi na mmoja.

"Tulikuwa tunaziba masikio kwa pamba ya mto," anasimulia. "Nyapara akaona ile pamba, akasema tunajiandaa kulala kazini. Akaitoa. Kila asubuhi anatukagua masikio kama watoto wa shule."

Walowezi walipoondoka na mashamba yakagawiwa wananchi, Joash alirudi Kebirigo na sanduku la spana. Kutuni gari moja, yaani kuirekebisha injini ipige sawa, ni shilingi ishirini. Zamani, mwezi mzuri ulimletea magari thelathini. Mwaka huu hakuna mwezi uliovuka kumi na mawili, na kisa chake si ukosefu wa wateja. Magari mengine ameyarudisha mwenyewe, akisingizia kukosa vipuri, kwa kuogopa kuyaharibu.

Aliyejua siri hiyo ni mke wake, Kemuma, peke yake. Wateja hawakujua. Kwaya ya kanisa la Waadventista, aliyoiongoza kwa miaka kumi na tisa, nayo haikujua, au ndivyo alivyoamini.

Ndipo mwezi uliopita Ahmednoor akarudi kutoka Nairobi na vitu viwili ndani ya boksi. Cha kwanza kilikuwa kisanduku cha bati chenye mapezi ya kupoza, mtambo mpya wa kuwasha moto wa injini kwa elektroniki. Cha pili kilikuwa ile saa nyeusi, iliyotolewa katika gari la mashindano lililopinduka. Ahmednoor ni mtu wa mwendo. Ameshaua injini mbili kwa kuzikamua mlimani na mzigo wa ngozi, na alitaka sindano imwambie mahali pa kukomea.

"Niliposikia kazi ya hiyo saa," anasema Joash, "niliona kama mtu ameniletea sikio ndani ya boksi."

Alikifunga kisanduku bila shida, gari likawaka kwa mguso mmoja. Kisha akaifunga saa kama alivyowahi kuona zikifungwa. Ule waya unaopeleka umeme kwenye koili, kifaa kinachozalisha cheche za moto wa injini, hupitishwa kwanza kwenye kitanzi nyuma ya saa. Kila moto unapopigwa, umeme hushtuka ndani ya waya, na saa hulihesabu shtuko hilo. Alikuwa amefuata kila hatua. Akawasha injini. Sindano ikainuka kidogo tu na kulala chini, karibu na mia mbili.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakuna fundi mwingine wa Kebirigo angelifanya. Fundi yeyote mwenye masikio angejua saa inadanganya. Joash aliiamini. Akaona injini iko chini mno, akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu ya kabureta ili mizunguko ipande. Sindano ikapanda polepole. Alitaka ifike mia nane, ambapo injini hukaa ikiwa imetulia.

Injini ilipiga kelele. Watu walitoka madukani. Ahmednoor alitoka hotelini mbio, glasi ya chai mkononi.

"Mzee! Mzee Joash! Zima!"

Joash alimwona mdomo unacheza, akadhani anasifiwa. Akamtabasamia na kuinua dole gumba.

Ahmednoor aliingiza mkono dirishani, akazima ufunguo. "Gari inalia kama ng'ombe ya kuchinjwa, na wewe unanichekea!"

"Sindano inasema mia nane."

"Sindano? Na masikio yako inasema nini?"

Joash aliichomeka bisibisi yake mfukoni. "Masikio haisemi kitu, Ahmednoor," alijibu. "Imekwisha."

Wawili hao wanafahamiana tangu Ahmednoor alipokuwa akija na lori la baba yake. Alizaliwa mjini Kisii na anazungumza Ekegusii kama mtoto wa nyumba. Alikunywa chai iliyobaki, kisha akauliza, "Kwa hivyo miaka yote nikikutukana juu ya bei, ulikuwa husikii?"

"Hiyo nilikuwa nasikia."

Ahmednoor alicheka mpaka akaegemea gari. Lakini hakuwa mtu wa kuacha gari lake kwa huruma. Alimwahidi kwamba hatamwambia mtu, akampa mpaka Ijumaa ya leo, akaondoka na gari la ndugu yake.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Joash aliifungua saa na kuifunga. Alibadilisha nyaya. Alisugua kila mahali zinapokutana. Saa haikuwa na ubovu. Alipoijaribu kwenye gari la mwalimu mmoja lenye mtambo wa kizamani, ilihesabu vizuri. Ilishindwa kwenye gari la Ahmednoor pekee.

Jibu lilimjia Jumatano adhuhuri, akila.

Kemuma ameacha kumpigia kelele mumewe. Aligundua mapema kwamba kelele hulivuruga lile sikio lililobaki. Maneno huingia kama vigae vilivyovunjika. Siku hizi humsogelea upande wa kulia, akasema neno lake kwa upole, akalirudia mara tatu au nne mpaka limkae.

"Chinsaga," alimwambia siku hiyo, kikapu cha mboga mkononi. "Chinsaga. Chinsaga, Baba Nyasani. Naenda kuchuma chinsaga."

Joash alisimamisha tonge hewani.

"Nikafikiri amekwamwa na mfupa," anakumbuka Kemuma. "Kumbe ana mboga, hana samaki. Akaniambia, 'Mama Nyasani, sema tena.' Nikasema. Akainuka, akaacha ugali. Mtu wa kuacha ugali si mzima."

Joash anaeleza alichokiona kwa kutumia kamba ya katani na vidole vyake vinene. Katika mtambo wa zamani, umeme wa koili hukatwa na platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga kila moto unapotakiwa. Umeme wenyewe ni mwingi, na ukikatwa waya hushtuka kama mtu aliyepiga kelele. Kisanduku cha elektroniki kimeichukua kazi hiyo nzito na kuifanya ndani kwa ndani, kwa njia yake. Platini zimebakishiwa kutoa ishara tu, kwa umeme mdogo. Waya wa platini bado unasema kila moto unapopigwa, ila sasa unanong'ona.

"Ile saa haikuwa mbovu," anasema. "Ilikuwa kama mimi. Imezoea kelele. Sasa ukiwa na mtu kama huyo hufai kumlaumu. Rudia."

Alimaanisha kuurudia ule waya wa platini. Ukipita kwenye kitanzi mara moja, mnong'ono ni mmoja. Ukizungushwa humo mara nyingi, umeme ule ule unapita mahali pale pale tena na tena, na saa inaupata kwa nguvu zaidi.

Asubuhi hii ndipo anapoijaribu hoja yake. Alhamisi yote aliitumia kutafuta waya mwembamba wa kutosha kupita kwenye kitanzi mara nyingi, akaupata ndani ya redio iliyokufa. Sasa ameuunga kwenye platini. Anauzungusha mara nne. Anawasha. Sindano inatetemeka kama jani, inaanguka.

Mara sita. Sindano inaruka hadi elfu moja, inaanguka, inaruka tena.

Mara tisa. Sindano inainuka polepole, inasimama kati ya mia sita na mia nane, na haichezi.

Joash haruki wala hapigi kofi. Anaikodolea macho kama mtu anayemtazama shahidi kortini. Saa hii imewahi kumdanganya, na mbele ya watu. Akiiamini tena bila ushahidi, atakuwa amejifunza nini?

Ushahidi anao mfukoni. Ni uma wa chuma wenye matawi mawili, ule ambao waongoza kwaya huugonga gotini ili upate sauti ya kuanzia wimbo. Nyuma ya kitabu chake cha nyimbo ameandika hesabu kwa penseli. Uma hutikisika mara mia nne na arobaini kwa sekunde. Ukishuka chini kwa oktavu mbili, kila moja ikiipunguza hesabu kwa nusu, unapata mia moja na kumi. Injini ya silinda nne hupiga moto mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo injini ikiimba sauti ya uma huo, oktavu mbili chini yake, inazunguka mara hamsini na tano kwa sekunde, yaani elfu tatu na mia tatu kwa dakika.

"Chuma hiki hakijui kudanganya," anasema. "Lakini kinataka mtu wa kukisikia."

Kemuma, aliyemletea uji, anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. "Mimi siwezi kushika sauti hata ya jogoo. Mwite Nyamoita."

Nyamoita anauza ndizi ng'ambo ya barabara. Ndiye sauti ya kwanza ya alto katika kwaya, na hakuna sikio kali kuliko lake mlima huu wote. Kumwita ni kuiambia kwaya. Joash anakaa juu ya tairi kuukuu, uma mkononi. Inakaribia saa nne. Uji unapoa. Ahmednoor anafika, anasalimia, "Bwakire, fundi," na kwa mara ya kwanza fundi haitikii, na si kwa sababu hakusikia.

Kisha anainuka, anavuka barabara.

"Nyamoita," anasema, "nina neno. Masikio yangu..."

"Mwalimu, unataka ndizi ya kupika au mbivu?"

"Nasema masikio yangu hayasikii. Nimewaficha."

Nyamoita anaendelea kupanga mikungu yake. Halafu anahamia upande wake wa kulia, bila kuelekezwa. "Mwalimu, tumejua tangu makambi ya kanisa ya mwaka juzi. Ukigonga uma, unatupa sauti yako, si ya uma. Mimi nawapa wenzangu ile ya uma, pole pole. Wewe unapiga mkono, tunaimba."

"Mwaka juzi? Na hamkusema?"

"Mkono ulikuwa unapiga vizuri," anajibu. "Tungesema nini?"

Joash anageuka kuangalia barabara, kama anayesubiri gari. Hakuna gari. Nyamoita anajifuta mikono kwenye leso na kumpokonya uma. "Haya. Nionyeshe hiyo injini inayotaka kuingia kwaya. Ni besi?"

"Besi," anasema Joash.

"Basi itachelewa mazoezi kama wengine wote."

Ahmednoor anaingia kwenye usukani. Joash anafunika uso wa saa kwa kitambaa, ili yeyote asije akaisaidia sindano kwa kuitazama. Yeye mwenyewe anasimama mbele ya gari, macho kwa Nyamoita.

Nyamoita anagonga uma gotini, anausogeza sikioni. Anaivuta sauti yake kwa mdomo uliofungwa, anaishusha mpaka mahali pa chini kabisa panapofikika na mwanamke. Ahmednoor anakanyaga mafuta kidogo kidogo. Nyamoita anatikisa kichwa. Mkono wake unapanda: bado. Unapanda tena: bado. Ahmednoor anaongeza. Mkono unashuka ghafla: umezidi. Anapunguza.

Mkono unasimama.

"Hapo!" anaita. "Shika hapo hapo, usipumue!"

Joash hajalisikia neno hilo. Ameuona mkono. Anakwenda dirishani, anaondoa kitambaa.

Sindano imesimama baada ya tatu, vijistari vitatu na upana wa unywele zaidi. Elfu tatu na mia tatu, na chembe.

"Tena," anasema.

Wanarudia, saa ikiwa imefunikwa. Elfu tatu na mia tatu. Wanarudia mara ya tatu. Ile chembe imetoweka.

"Mzee," Ahmednoor anamwambia, akiwa amemsogelea upande wa kulia kama alivyoona wengine wakifanya, "sasa imekubali?"

"Imekubali."

"Kama imekubali, mbona unalia?"

"Moshi wa gari yako."

"Gari yangu haina moshi. Umeitengeneza wewe."

Nyamoita anacheka kwa sauti iliyoifanya ile kwaya ijulikane hadi Itumbe. Joash hamsikii vizuri, lakini anamwona, na anacheka naye.

Saa tano kasorobo, Joash anaimalizia skrubu ya kabureta, aliyokuwa ameilegeza kwa kukisia, kwa macho peke yake: sindano mia nane, injini imetulia. Nyamoita anathibitisha kwa kichwa. Ahmednoor anafunga boneti. Kabla hajaondoka, Joash anamfungulia kiapo chake.

"Ulisema hutaambia mtu. Sasa waambie. Sema Joash Nyangate hasikii, lakini anaona. Mtu akitaka fundi wa kusikia, aende kwingine. Akitaka gari yake ikae sawa, aje."

"Nitawaambia msikitini na sokoni," anasema Ahmednoor. "Lakini saa ni yangu, naenda nayo."

"Nenda nayo. Nitafutie nyingine."

Muuzaji wa Nairobi aliyemuuzia Ahmednoor anazo mbili zilizobaki. Bei ya moja ni sawa na kutuni magari tisa. Joash amekwisha kuchora mpango wake kwenye ubao wa mvule: saa katikati, nyaya mbili ndefu zenye vibanio, na pembeni msokoto wa waya wa mizunguko tisa, tayari kwa magari yenye visanduku vya elektroniki. Gari lolote litakaloingia, ataushika ubao huo mkononi na kuisoma injini kama mtu anayesoma barua. Madereva wanasema miaka ijayo magari yote yatakuja na visanduku vya namna hiyo. Anataka siku hiyo ikifika, Kebirigo isilazimike kwenda Kisumu kutafuta anayeyaelewa.

Jua linapokaribia kuzama, Joash anapanga spana zake kwa ukubwa, anafagia, anafunga mlango. Sabato inaingia. Mkono wake unakwenda mfukoni kuutafuta uma, kama ulivyofanya kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa. Mfuko ni mtupu. Uma umebaki kwa Nyamoita, na hakumwomba aurudishe.

Kemuma anamuuliza, kwa upole, mara tatu, kesho atakaa wapi kanisani.

"Kwenye besi," anasema, akitia kufuli. "Nyamoita akishusha mkono, nitaanza. Kama nimeweza kuisoma sindano, mkono wa mtu hautanishinda."